Nauza zaidi nikiwa nyumbani, bosi anataka turudi ofisini. Niache kazi?

"Shikamoo dada. Nina miaka 28, nafanya mauzo kwenye kampuni inayouza mfumo wa kompyuta wa maduka na famasi, ule wa kurekodi mauzo, stoo na madeni. Ofisi ipo Mikocheni hapa Dar, mimi naishi Chamazi. Mwezi wa nane meneja alinikubalia kwa mdomo nifanyie kazi nyumbani kwa sababu nilikuwa nimetoka uzazi, mtoto sahivi ana miezi 9 na bado ananyonya. Kabla ya hapo nilikuwa nauza mifumo 7 au 8 kwa mwezi. Nilivyokaa nyumbani mwezi wa nane niliuza 11, wa tisa 12, wa kumi 11, wa kumi na moja 9, Desemba 7. Namba za wateja ninazo nyingi, kwenye maonyesho ya biashara ya Sabasaba peke yake niliondoka na namba kama 300, kazi ni kupiga simu tu. Sasa bosi ametangaza kuanzia tarehe 1 Februari wote turipoti ofisini saa 2 asubuhi siku tano, anasema nyumbani watu wanalala. Mimi naona nauza zaidi nikiwa nyumbani, Novemba na Desemba ni msimu tu. Nikirudi ofisini natoka saa 11 alfajiri, boda na magari mawili, elfu 8 kwa siku ukiweka na chakula, narudi saa 2 usiku mtoto kashalala. Mshahara wangu 450,000 na kamisheni 45,000 kwa kila mfumo. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika ipo kwenye simu. Shoga yangu ananiambia nigome kwa sababu miezi mitano imepita kwahiyo kisheria ni haki yangu. Nisaidie dada, alfajiri nyingine naamka nalia tu."

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa mtoto. Kwanza kabisa hiyo barua iache hukohuko kwenye simu, usiitume leo wala kesho, na ukiweza ifute kabisa maana mtu akiwa na hasira usiku kidole kinajibonyezea chenyewe. Nimekuelewa hivi: unaogopa kurudi Mikocheni kutakumalizia hela kwenye nauli, kutakutenga na mtoto, na juu ya yote unaona unaadhibiwa wakati wewe ndo unayeuza. Hayo mawili ya mwanzo ni ya kweli kabisa nitayarudia. Hilo la tatu naomba tukae nalo kidogo, maana namba ulizoniandikia zinasema kitu kingine na nadhani hujawahi kuziangalia zikiwa zimepangwa pamoja.

Zipange. 11, 12, 11, 9, 7. Mifumo 50 kwa miezi mitano, na mimi nimesimamia watu wa mauzo hapa Dar miaka kumi na kitu, wanaofikisha wastani wa 10 kwa mwezi kwa bidhaa kama hiyo nawahesabu kwa vidole, kwahiyo kipaji unacho usije ukadhani nakubeza. Ila angalia ilivyotembea, ilipanda, ikakaa, ikaanza kushuka taratibu mwezi hadi mwezi. Msimu haushuki hivo. Msimu unakupiga Desemba kwa mpigo, wenye maduka wako bize na mzigo wa sikukuu hawataki kusikia habari za kompyuta, hapo nakubali, lakini Novemba je? Mimi hapo naona kisima ambacho umekuwa unateka bila mvua kunyesha.

Usiku wa leo mtoto akilala chukua daftari uandike wateja wote 50, mbele ya kila mmoja andika namba yake uliipata wapi na lini. Kwa ninavyoijua hii kazi wengi watakuwa wa Sabasaba, wengine ni wale uliowatembelea kabla hujaenda uzazi, na wachache wameletwa na mteja mwenzao. Watu wapya kabisa, ambao hamjawahi kuonana na uliwapata ukiwa umekaa hapo nyumbani kuanzia mwezi wa nane, wakifika watano nitashangaa.

Sababu ni kwamba mfumo wa duka hauuzwi kama vocha. Mwenye duka anakusikia leo, wiki ijayo anamuuliza jirani yake, alafu anasubiri mzigo uliopo uishe, anasubiri amalize marejesho ya mkopo, na wengine wanasubiri mpaka kijana wa dukani awaibie ndo wanakumbuka kuna dada alikuja akasema kitu. Kutoka siku anakuona mpaka siku analipa unapita mwezi, miwili, hata mitatu. Kwahiyo ulichovuna mwezi wa tisa ulikipanda Julai, umesimama juani pale Sabasaba, Kilwa Road, umevaa fulana ya kampuni miguu inawaka moto. Nyumbani palikupa utulivu wa kuvuna, hamna foleni, hamna kikao, umekaa na simu yako masaa nane unafanya foloapu mpaka kieleweke, lazima namba ipande. Sasa mavuno yanaisha na hakuna aliyepanda tena. Bosi ameona namba inashuka akasema watu wanalala, wewe umeona ilivyopanda ukasema nyumbani ndo penyewe, na wote wawili mmekosea dawa.

Sikucheki, maana hili lilinipata mwenyewe 2020. Corona ilivyoingia kampuni niliyokuwepo ikaturudisha nyumbani, nikawa nipo Tabata nasimamia watu sita kwa simu, miezi miwili ya mwanzo tukauza kuliko tulivyowahi kuuza, nikaandika mpaka ripoti nampa mkurugenzi wazo kwamba ofisi tuifunge tuokoe kodi. Mwezi wa tano wa mambo hayo tukawa tunawapigia watu walewale kwa mara ya nne. Mteja mmoja wa Buguruni akapokea akaniambia, dada mimi nimekusevu "Usipokee", leo nimepokea kwa bahati mbaya. Tukacheka wote, nikakata simu, nikafungua daftari la timu nikakuta wiki tatu nzima hamna jina jipya hata moja. Ile ripoti ya kufunga ofisi namshukuru Mungu mkurugenzi hakuisoma.

Sasa tuje kwenye hili la kulala, maana bosi wako naye anahitaji kusahihishwa. Kuna utafiti mmoja naupenda kwa sababu ulifanywa kwa watu wa simu kama sisi. Kampuni ya usafiri ya China iliyoitwa Ctrip, kule Shanghai, mwishoni mwa 2010 ilichukua wafanyakazi 249 wa kituo chao cha simu ambao waliomba wenyewe, ikawagawa kwa siku ya kuzaliwa, wenye tarehe shufwa wakafanyie kazi nyumbani siku nne kwa wiki, wenye witiri wakabaki ofisini, ikaenda hivo miezi 9. Aliyesimamia vipimo ni mchumi wa Stanford, Nicholas Bloom, na wenzake. Hawakulala. Kazi ya waliokuwa nyumbani ilipanda asilimia 13, na sehemu kubwa ni kwamba walikaa kwenye simu dakika nyingi zaidi, mapumziko yalipungua, kuumwaumwa kukapungua, na kuacha kazi kulipungua karibu nusu. Hiyo mpe bosi, ni silaha yako.

Ila usimpe nusu, maana akiisoma yote atakurudishia. Waliokuwa nyumbani walibaki nyuma kwenye kupandishwa vyeo hata wakiwa na utendaji sawa na wenzao, kwa sababu ya kutoonekana. Na jaribio lilipoisha watu wakaambiwa wachague wenyewe, karibu nusu ya waliokuwa nyumbani walirudi ofisini kwa hiari yao, upweke ulikuwa umewachosha. Masharti ya kuingia pia yalikuwepo, lazima uwe na chumba chako cha kufanyia kazi na intaneti ya maana. Wewe hicho chumba unacho? Au ni sebuleni, dada anaosha vyombo, mtoto amekuona anataka kubebwa na jirani amefungulia spika? Tena hapo sijasema kubwa kuliko yote, kwamba wateja wa wale Wachina walikuwa tayari wanataka tiketi na hoteli. Hakuna aliyekuwa anahangaika kumtafuta mtu asiyemjua, hiyo ndo tofauti ya kazi yao na yako.

Ofisini nako kuna kitu hukipati Chamazi, nacho ni kusikia wenzako wakiongea na wateja. Mimi nilivyoanza kazi nilikuwa nikitaja bei tu naanza kujitetea, laki sita lakini tunapunguza, lakini unaweza kulipa kidogokidogo, mteja hajasema neno mimi nimeshajishusha elfu hamsini. Meza ya pembeni alikuwepo kaka mmoja mtu mzima, yeye alikuwa anasema "laki sita" alafu anaangalia feni. Anaiangalia tu inavyozunguka, simu ipo sikioni, kimya. Sekunde tano, kumi, mimi huku roho inanidunda kwa niaba yake. Alafu unasikia mteja upande wa pili anaanza mwenyewe, sasa hiyo laki sita ni pamoja na kufunga? Hakuna aliyenifundisha hilo kwenye semina, nililisikia kwa sababu meza zilikuwa zimebanana. Kuna kituo cha simu za mauzo Marekani walipanga wauzaji wawili wawili wakawaambia waelezane wanauzaje, mapato ya mauzo yakapanda zaidi ya asilimia 20. Kwahiyo kukaa karibu na wanaojua kuna hela ndani yake, hasa kama bado hujafika miaka miwili kwenye kazi.

Lakini hicho kitu hakihitaji siku tano. Siku moja inatosha, mbili ukizidi. Zile nyingine tatu kwenye ofisi za mauzo nilizopita mimi ni chai ya saa 4, kikao cha kupanga kikao, AC, na habari za nani kahamia wapi, ukishtuka saa 9 na watu wanaanza kuangalia foleni ya kurudi.

Sasa sikiliza, hapa ndo ninapotaka ufike. Wewe unaishi Chamazi. Saa 11 alfajiri unapanda boda unatokea Rangi Tatu, unapita Zakhem, Mtoni Mtongani, kwa Aziz Ali, njia nzima ni famasi, maduka ya jumla, vifaa vya ujenzi, vipodozi, stoo za vinywaji, yote bado yamefungwa. Unaenda kukaa Mikocheni. Saa 4 unanyanyua simu unampigia mwenye duka wa Mbagala. Aisee! Mmekaa mnabishana nyumbani au ofisini na hakuna aliyeuliza wateja wako wapi. Kuna wauzaji wangetoa chochote walale karibu na Mbagala ile, na wewe unalala hapo bure.

Nikuonyeshe nini kinapotea kwenye simu. Juzi nilikuwa Rangi Tatu na binti mmoja ninayemfundisha, tukaingia duka la vifaa vya ujenzi ambalo mwenyewe amekuwa anamwambia kwenye simu "nitakucheki" miezi miwili. Tulivyoingia hakutuangalia, alikuwa na kaunta buku nene imefungwa na mpira wa tairi la baiskeli, analamba kidole anafunua, analamba anafunua, anatafuta deni la bati la mtu, na huyo mtu amekaa juu ya boda nje anasubiri aambiwe anadaiwa ngapi. Binti hakuanza kuongelea mfumo. Akasubiri, alafu akauliza, boss hilo jina unalitafuta tangu tumeingia? Yule baba akacheka ile ya aibu, akasema dada we acha tu. Na kila tukiongea bei alikuwa anageuza shingo kuangalia nyuma, kwenye droo ya hela amekaa mkewe anakunja noti. Miezi miwili binti anambembeleza mtu ambaye hela hashiki yeye! Hakununua siku ile. Alisema turudi Jumatatu saa 9 mama akiwa hana watu, na mtu akikupa siku na saa ujue mmeanza kuongea, "nitakucheki" ya kwenye simu maana yake ni naomba ukate.

(Kidokezo tu, usiende asubuhi mapema. Mwenye duka ambaye hajafungua biashara, yaani hajauza cha kwanza, hataki kumuona mtu anayekuja kumwomba hela, anaona mkosi. Nenda kuanzia saa 5, na Ijumaa mchana uwaache waende swala.)

Tuje kwenye hela, maana hapo umeona upande mmoja. Elfu 8 mara siku 22 ni 176,000. Ukikaa nyumbani bando na vocha unatoa wewe, hukuniandikia lakini mtu wa mauzo ya simu hawezi kupona chini ya elfu 50 kwa mwezi, kwahiyo faida yako halisi ya kukaa nyumbani ni kama 125,000, sawa na mifumo mitatu kasoro kidogo. Kutoka mifumo 12 ya Septemba mpaka 7 ya Desemba umepoteza kamisheni ya mitano, 225,000. Umeona? Nauli uliyookoa imeshaliwa na zaidi. Lakini na bosi naye akikurudisha Mikocheni siku tano bila kukupa njia ya kupata wateja wapya utauza hizohizo 7 alafu na 176,000 inaondoka, hapo utakuwa umepigwa pande zote mbili. Ukifanya fildi ya Mbagala siku tatu, nauli ni ndogo, chakula unakula nyumbani, na mchana saa 7 jua likiwa kali unapita unamnyonyesha mtoto unarudi barabarani saa 9.

Kuna kitu kingine bosi hawezi kukwambia usoni. Wengi wao wakisema "nyumbani watu wanalala" wanachoogopa ni kwamba wateja wote wapo kwenye simu yako binafsi na hawajui unaongea nao nini. Wameshaumizwa, kuna vijana wanachukua mshahara wa kampuni huku wanauza bidhaa ya mshindani pembeni, alafu siku anaondoka anaondoka na namba zote. Hofu hiyo ipo hata kama wewe ni mwaminifu, kwahiyo iondoe kabla hajaitaja. Mwambie wakupe laini ya kampuni uhamishie wateja huko kwenye WhatsApp Business, na kila jioni utatuma ripoti fupi, umemuona nani, amesema nini, unarudi lini. Tena tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika, namba na majina ya watu sio vitu vya kuachwa vinazagaa kwenye simu za wafanyakazi, kwahiyo hata yeye unamsaidia. Na wewe unajisaidia pia, laini yako ya mama na mashoga itapumua, maana huko Truecaller sidhani kama bado inasoma jina lako, watu walishakuandika "Mfumo wa duka msumbufu".

Kuhusu shoga yako, mwambie asante kwa upendo ila asiwe wakili wako. Kukaa nyumbani miezi mitano kwa ruhusa ya mdomo hakukupi haki ya kubaki huko. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi kwa maandishi na mojawapo ni mahali pa kazi. Tafuta mkataba wako usome hapo. Ukisema ofisi ya Mikocheni, basi nyumbani ilikuwa hisani tu na anaweza kuiondoa, ingawa busara ni akupe muda wa kujipanga. Kama kuna barua au barua pepe iliyobadilisha kituo chako cha kazi hapo habari ni nyingine, kifungu hichohicho kinasema hayo maelezo yakibadilika mwajiri ayarekebishe kwa kushauriana na wewe na akujulishe kwa maandishi. Kugoma usijaribu. Kutokuonekana kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa wala sababu ya maana ni kosa linaloweza kukufukuzisha, na hapo utakuwa umempa bosi kamba mwenyewe.

Ila kuna haki moja unayo na naona hakuna aliyekuambia. Kifungu cha 33 cha sheria hiyo kinasema mama anayenyonyesha aruhusiwe kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, mpaka saa mbili kwa siku. Sasa kutoka Mikocheni kwenda Chamazi kunyonyesha na kurudi ni kichekesho, ndo maana nimeona wengi wanakubaliana na ofisi hizo saa mbili ziwekwe mwishoni, badala ya kutoka saa 11 jioni unatoka saa 9. Kuziweka mwishoni ni makubaliano yenu, zile saa mbili zenyewe ni zako. Ukitoka saa 9 unawahi foleni, saa 11 na nusu upo nyumbani mtoto yupo macho. Andika barua ya heshima, ambatanisha kadi ya kliniki ya mtoto, peleka idara ya rasilimali watu, na ubaki na nakala iliyosainiwa kwamba wameipokea.

Basi ongea na bosi hivi, na usiongee kwenye kikao mbele za watu maana hatakubali kuonekana amelegea. Omba dakika 15, siku ambayo sio mwisho wa mwezi. Anza kwa kukubali kwamba namba imeshuka na umegundua kwa nini, mpe lile daftari la wateja 50. Akishaona umejichunguza mwenyewe bila kulalamika atakusikiliza, niamini, sisi mameneja tumezoea visingizio. Alafu omba eneo, sio kukaa nyumbani, hilo neno nyumbani usilitaje kabisa. Mwambie nipe kuanzia Chamazi na Mbagala mpaka Temeke nizisimamie mimi, Jumatatu nakuja ofisini kwa kikao na kujifunza na wenzangu, Jumanne mpaka Alhamisi nipo fildi, Ijumaa nafanya simu za foloapu na demo, iwe ofisini au popote utakaposema. Jaribio la miezi mitatu. Mpe na kipimo atakachokishika, kwa mfano maduka mapya 8 kwa kila siku ya fildi yaliyoandikwa jina, simu na nani anashika hela. Usimuahidi mauzo ya mwezi wa pili, umeshaona mwenyewe mbegu inachukua muda gani, ukimwahidi mifumo 12 Februari ukaleta 6 atakurudisha Mikocheni na hutakuwa na la kusema. Nauli ya fildi omba, hata elfu 3 kwa siku, akikataa bado hesabu inakulipa.

Akikataa yote? Inawezekana, kuna mabosi wanataka kuona vichwa. Hapo nenda ukiwa na zile saa mbili zako za kunyonyesha, piga miezi mitatu huku unatafuta kwingine kimyakimya. Kuwa makini na hizi kazi zinazotangazwa "fanyia kazi nyumbani, kipato hakina kikomo", nyingi ni kamisheni tupu hamna mshahara, bando lako, simu yako, na mwezi ambao hujauza NSSF yako hamna anayeiweka. Ile 450,000 inaonekana ndogo mpaka mwezi ambao haipo. Kuna kampuni nzuri za hivyo zipo, ila mtu mwenye mtoto wa miezi 9 asiruke kabla hajaona mkataba na kuongea na mtu aliyekaa huko angalau mwaka.

Hapa sasa niseme lini uende kwa mtu ana kwa ana, mimi nimeishia. Wakikuletea barua ya onyo, au wakakulazimisha usaini barua ya kuacha kazi, au wakakata mshahara kwa sababu ya kunyonyesha, usisaini kitu siku hiyo, chukua mkataba na barua zote nenda kwa afisa kazi au chama cha wafanyakazi kama mnacho, au mwanasheria. Ukiachishwa kazi unaona hujatendewa haki, mlango ni CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na una siku 30 tu kufungua shauri, ukikaa unalia na mashoga miezi miwili umechelewa. Na lile uliloliandika mwishoni kama vile unapita tu, kwamba unaamka alfajiri unalia, hilo usilichanganye na mambo ya ofisi. Mama aliyejifungua anaweza kupata sonona hata miezi mingi baadaye, ukimpeleka mtoto kliniki mwambie nesi kama ulivyoniambia mimi, kwamba unalia na umekuwa hivo tangu lini. Kama kuna siku unafikiria kujidhuru au kumdhuru mtoto usisubiri tarehe ya kliniki, nenda hospitali siku hiyohiyo na mtu wa nyumbani.

Ukimaliza lile daftari nitumie idadi tu, wangapi kati ya 50 uliwapata baada ya mwezi wa nane, majina ya wateja usinitumie. Nikishaona hiyo tutapanga pamoja uanze mtaa gani pale Rangi Tatu, na yule baba wa kaunta buku yupo, Jumatatu tunarudi kwa mkewe.